Nilimpa Kichaa wa Filamu Kicheko cha Dada Yangu

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama ukifika katikati utatamani kuichana barua hii, maana mimi mwenyewe nimechana mbili kabla ya hii, na sijui kama msaada ninaouomba ni wangu au wa dada yangu, hilo utalipambanua wewe.

Mimi ni mtu wa sauti kwenye filamu. Watu wanadhani sauti inakuja pamoja na picha, kumbe zile hatua unazosikia kwenye ngazi nimezipiga mimi juu ya meza kwa viatu vya kuazima, mlango unaolia ni wa kabati la jikoni kwetu, na mvua ni mchele ninaoumwaga kwenye sinia, na kwa sababu ya kazi hiyo natembea na kinasa sauti mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso, nanasa kila kitu, nyumbani wamezoea mpaka dada akanibandika jina la Sikio.

Dada yangu amenizidi miaka sita na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ana ugonjwa wa akili. Naandika hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo anavyosema, hapendi kuambiwa hayuko sawa wala kwamba ana mambo yake, anasema nina ugonjwa wa akili kama mwingine anavyosema nina pumu. Ulimwanza akiwa na miaka ishirini na minne, akawa anasikia watu wakimsema nyuma ya ukuta, akalazwa mara mbili, mara ya pili miezi mitatu mizima, na tangu atoke huu ni mwaka wa tano hajalazwa tena, anachomwa sindano kila mwezi, anameza kidonge kimoja kila asubuhi, na anafanya kazi kwa dobi kwenye meza ya pasi, upande wa mashati. Shati moja dakika nne, kola kwanza, mabega, mikono, halafu mgongo, na kuna wateja ambao wakileta nguo wanasema hili apige yule dada mrefu.

Kitu kimoja ambacho hakikurudi naye kutoka hospitali ni kicheko. Miaka miwili na zaidi alikuwa anatabasamu tu, tena kwa adabu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na tukakubali kwamba ndiyo basi. Halafu Jumamosi moja mchana nilikuwa nimeweka maiki mpya kwenye dirisha la jikoni niijaribu, yeye anamenya viazi huku ananisimulia habari ya mzee mmoja aliyekuja kwa dobi akifoka kwamba wamempotezea suruali yake ya kahawia, anapiga kaunta kwa ngumi, anataka aitiwe mwenye duka, na mwenye duka akatoka nyuma, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akamuuliza, "Mzee, na hiyo uliyovaa ni ya nani?" Dada alipofika hapo akacheka. Sekunde kumi na moja. Kinaanza chini, kinapanda, kinakatika kama mtu anataka kulia, kinapanda tena, halafu anapiga meza anasema "Wee!" Mimi nilisahau maiki nikabaki kumtazama. Faili nikalihifadhi, nikaliita "Dada amecheka."

Mwaka jana dairekta mmoja, rafiki yangu tangu tuko chuo, alinipa filamu yake ya kutisha, inahusu mwanamke aliyetoroka hospitali ya wagonjwa wa akili akawa anaishi kwenye jengo ambalo halijamalizika na kuua wanaopita, mmoja baada ya mwingine, na hata kwenye maandishi ya filamu hakuwa na jina, aliandikwa KICHAA tu, Kichaa anaingia, Kichaa anashika kisu. Sitakudanganya kwamba sikumfikiria dada nilipokuwa nasoma, nilimfikiria, halafu nikajiambia hii ni kazi, na yule si yeye, yule ana visu.

Tatizo likawa kicheko. Yule mwigizaji ni hodari kwa mengine lakini kucheka hajui, alikuwa anacheka kama mtu aliyepaliwa na maji, tulirudia mara thelathini, na tulipofika chumba cha kuhariri dairekta akavua hedifoni akazitupa kwenye kochi, akasema, "Sikio, nataka kicheko ambacho mtu akikisikia anakwenda kufunga dirisha."

Nikasema, "Ninacho."

Mshauri, neno hilo ndilo lililonifikisha kwako. Nilikata habari ya suruali, nikakata ile "Wee," nikakishusha kidogo kiwe kizito, nikakitia mwangwi wa chumba kitupu. Dairekta akasikiliza amefumba macho, akauliza ni nani huyu, nikasema nimekiokota tu, akatikisa kichwa akasema, "Huyu ni mgonjwa kweli, hiki huwezi kukiigiza." Na mimi sikumwambia kwamba aliyecheka alikuwa mzima siku ile kuliko siku yoyote ya miaka ile miwili.

Filamu ilipotoka ikapendwa kuliko tulivyotarajia, na watoto wa mjini wakakichomoa kile kicheko wakakifanya mlio wa simu. Nilikisikia mara ya kwanza kwenye simu ya muuza magazeti na, nikuambie ukweli wote, nilijisikia fahari.

Dada filamu za kutisha haangalii, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi, mpaka siku tulipokuwa wawili kwenye foleni ya duka la vifaa vya umeme tunanunua balbu, simu ikaita nyuma yetu, kile kicheko kikatoka chote, na dada akanishika mkono juu ya kiwiko, akanibana.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Mtu amecheka."

"Sijasikia kitu, dada."

Kilikuwa na sauti kubwa kiasi kwamba mtoto aliyebebwa mgongoni na mama mmoja mbele yetu aligeuza shingo kutazama. Dada akamtazama yule mtoto, akanitazama mimi, akauachia mkono wangu. Hakuuliza tena.

Baada ya hapo, nadhani, alikuwa anakisikia kila siku, kwa sababu msichana wa mapokezi pale kwa dobi anacho kwenye simu yake, na simu yake haitulii. Ikafika Jumatatu ya kliniki, nikamsindikiza kama kawaida. Daktari huwa anauliza maswali yaleyale kila mwezi, unalala, unakula, unasikia sauti zozote ambazo wengine hawazisikii, na dada huwa anajibu ukweli, maana alishaniambia zamani kwamba kilichomweka nje ya wodi miaka yote hii si dawa peke yake, ni kutomficha daktari kitu. Akasema, "Nasikia kicheko changu. Kinatoka kwa watu. Na mimi sijacheka." Kalamu ya daktari ikasimama. Akanigeukia mimi, akaniuliza, "Wewe ndugu, nyumbani mmesikia chochote?" Nikasema, "Hapana, daktari."

Akaongezewa kidonge cha jioni. Sasa ni wiki ya tatu, mikono inamtetemeka, ulimi mzito, analala mpaka mchana, na wiki iliyopita ameunguza shati la mteja, yeye ambaye kwa miaka minne hajaunguza hata kifungo, mwenye duka akamwambia kwa upole akapumzike kwanza. Yuko nyumbani. Akikaa na watu anaweka kiganja mdomoni, nimemwona akifanya hivyo hata mbele ya televisheni, kama mtu anayeziba kitu kisitoke.

Nashindwa kumwambia kwa sababu naogopa ataanguka tena, na nikimwambia, daktari naye atajua niliketi pale nikadanganya, na dairekta naye ameshaniita, anatengeneza filamu ya pili, anataka kicheko kirefu zaidi, anasema kile ndicho kilichobeba filamu. Najiambia mambo haya ya milio ya simu ni ya msimu, miezi miwili mitatu watakuwa wamehamia kingine, dada ataacha kukisikia, daktari ataona amepata nafuu ampunguzie mwenyewe, na hakuna atakayeumia zaidi ya hapa. Je, ningoje upepo upite, au kuna namna ya kumwambia ambayo haitamvunja? Nisaidie, nimekwama.

Ni mimi,
Sikio

*

Sikio,

Barua yako ilifika mezani kwangu Jumanne, na ukurasa huu hutoka Jumapili. Kwa kawaida mwenye shida hungoja zamu yake. Nilipofika pale kwenye kidonge cha jioni nikaweka miwani chini, nikachukua simu, kwa sababu ungeweza kungoja wewe lakini dada yako asingeweza. Wasomaji wapate kujua tulichoongea, nacho kinachapishwa kwa ruhusa. Ruhusa ya nani, nitafika huko.

Nilikuambia kwanza kwamba nakuonea huruma, nawe ukaanza kulia, nikakuomba uache kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Kutumia kile kicheko ulikosea, lakini hilo ni kosa la mtu aliyelewa kazi yake, wapo wengi. Uliponiambia "nilikuwa sina nia mbaya" nilikuamini. Kosa lako kubwa limo kwenye maneno mawili madogo: "sijasikia" ya dukani na "hapana" ya kliniki. Mtu amepigana miaka kumi kujua lipi limo kichwani mwake na lipi liko nje. Akasikia kitu kilichoko nje, akafanya jambo la busara kuliko yote, akamuuliza aliye karibu naye, tena mwenye masikio ya kazi. Nawe ukamrudisha nyuma ya ule ukuta. Dawa ile ameandikiwa na daktari, lakini ugonjwa aliouandikia daktari ulitengenezwa na wewe.

Ukaniuliza, "Sasa nikimwambia akaanguka?"

Nikakuuliza, "Kwa sasa amesimama?"

Basi nikakupa kazi tatu, na nikakutaka uziandike. Umwambie dada kesho, mchana, akiwa ameamka vizuri, mkiwa wawili. Usimwambie aache kidonge wala apunguze, wewe si daktari na mimi si daktari, kazi yako ni kumfikishia daktari habari sahihi ili yeye apunguze. Na kliniki muende keshokutwa, msingoje Jumatatu, ukiwa na ile sauti ya asili na ya filamu, zote mbili.

Ukasema keshokutwa una kazi studio. Nilichokujibu hapo gazeti haliwezi kukichapisha.

Wakati nangoja nikafanya na mimi kazi yangu. Nimeiangalia filamu yenu, saa moja na dakika arobaini ambazo hakuna atakayenirudishia. Picha nzuri. Sauti nzuri, nakubali, ile mvua ya mchele ilinifanya nitafute sweta. Lakini nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa, na barua za nyumba zenye mgonjwa wa akili nimezipokea nyingi: mwalimu wa hesabu, dereva wa lori, mama mwenye mapacha, karani aliyekuwa akipanga mafaili yangu mimi mwenyewe. Sijawahi kupata hata moja ya mtu aliyekaa kwenye ghorofa bovu akisubiri wapita njia. Nilizopata ni za mtu aliyefungiwa chumba cha nyuma wageni wakija, aliyerushiwa mawe, aliyenyimwa chumba cha kupanga baada ya mwenye nyumba kuona kadi ya kliniki. Kwenye filamu yenu anayekimbizwa ni mji mzima na anayekimbiza ni mgonjwa. Kwenye mafaili yangu ni kinyume chake, miaka yote kumi na tisa.

Wala usiniambie ni hadithi tu. Daktari wa dada yako hakuiona filamu, ndiyo maana alikosea. Walioiona ndio watakaokuwa wenye nyumba, wenye maduka na wakwe.

Jumatano mchana ukamwambia. Umenisimulia kwa simu, nami nikakuuliza mara mbili nisije nikapotosha. Alikuwa amekaa kitandani na kikombe cha chai alichokishika kwa mikono miwili kwa sababu ya kutetemeka. Ulitaka kuanza na kuomba radhi, yeye akakwambia, "Maliza kwanza." Ukamaliza. Akasema, "Cheza." Ukamchezea kwanza cha jikoni, na suruali ya mzee na "Wee" yake, halafu cha filamu. Akasikiliza vyote bila kukutazama. Ulitegemea atalia au atakupiga. Akaweka kikombe chini akaanza kuuliza.

"Kile cha duka la umeme kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, dada."

"Cha mapokezi, ile asubuhi ya mashati ya hoteli?"

"Kilikuwepo. Ni simu yake."

"Kwenye foleni ya maji?"

"Siku hiyo sikuwa nawe. Lakini nadhani kilikuwepo."

"Usidhani. Sema hujui."

"Sijui."

"Nje ya dirisha, Ijumaa, wale vijana?"

"Kilikuwepo. Nilikisikia na mimi."

Akaenda hivyo, mahali pamoja baada ya pengine, mpaka akafika saba, anavihesabu kwa vidole. Sita ulivithibitisha. Akavitazama vile vidole sita muda mrefu. Kisha akasema, "Kesho twende. Lakini utaongea wewe, mimi nitakaa kwenye benchi." Usiku ule hakula pamoja nawe. Alikuwa na haki hiyo, na sikukupa pole.

Alhamisi mkaenda. Wewe ukaingia mbele, ukasema yote, ukachezesha sauti zote mbili mezani kwa daktari. Daktari ni binadamu. Akakasirika kwanza, akakuuliza kama unajua maana ya dozi. Halafu akatoka mpaka kwenye benchi, akaketi karibu na dada yako, akamwambia, "Uliniambia kinatoka kwa watu. Nilipaswa kuuliza watu gani." Kidonge cha jioni kinapunguzwa kwa awamu, chini ya macho yake, na mikono ameahidi itatulia ndani ya wiki chache. Wasomaji wenye ndugu mgonjwa, kateni kipande hiki mkibandike jikoni: anapopelekwa kliniki, msindikizaji naye ni sehemu ya vipimo. Ukidanganya wewe, anatibiwa yeye.

Ijumaa simu yangu ikaita. Sauti ya mwanamke, ya taratibu, ulimi bado mzito kidogo.

"Wewe ndiye mshauri?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni dada yake Sikio. Nimeambiwa una barua yangu."

Nikamwambia barua ni ya mdogo wake, na kwamba asipotaka haitachapishwa hata mstari.

"Ichape. Majina usiweke. Lakini uandike kwamba nilisikia sawasawa."

"Nitaandika."

"Uandike hivyo hivyo. Usiandike kwamba nimepona, sijapona, nina ugonjwa wa akili. Andika kwamba nilisikia sawasawa."

Nimeandika, dada. Ulisikia sawasawa.

Akaniambia pia kwamba Alhamisi jioni aliiangalia filamu. Wewe, Sikio, ulitaka kumzuia, akakwambia kama anacheka humo ana haki ya kujua anamcheka nani. Akawa anaisimamisha kila baada ya dakika chache kukuuliza maswali, na mimi nayaandika kama alivyonitajia, maana ni maswali ya mtu wa kazi: "Huyu mwanamke analala wapi? Dawa zake anachukua kliniki gani? Nani anamsuka? Mbona filamu nzima hana hata ndugu mmoja anayemtafuta? Mtu ametoka hospitali, hospitali haijapiga simu kwa mtu yeyote?" Na la mwisho lilinifanya nizungushe kiti changu dirishani: "Mbona hasemi? Mimi nilipoumwa sana nilikuwa nasema mno. Nilikuwa naomba watu wanisaidie. Huyu wamempa kucheka tu."

Nikamuuliza kuhusu wewe. Akasema, "Nimemkasirikia. Nitaendelea mpaka nimalize." Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema hajui, hajawahi kumkasirikia huyu mtoto kwa muda mrefu, hana uzoefu.

Sasa nisikilize wewe, maana ndiye uliyeomba ushauri.

Kwenye simu za watu hicho kicheko huwezi kukifuta, usipoteze usingizi kwa hilo. Pale kwa dobi mwachie yeye. Ameniambia atakwenda mwenyewe kumwambia yule msichana wa mapokezi, "Hiyo ni sauti yangu, weka nyingine," na mwenye duka amekubali arudi kwa nusu siku mikono ikitulia. Usimtangulie kwenda kumwandalia njia. Si mtoto.

Dairekta mwambie wiki hii, uso kwa uso, kicheko kile ni cha nani na alikuwa anacheka nini. Mtake akitoe kwenye nakala zilizoko mikononi mwake na abandike kingine, hata cha yule mwigizaji aliyepaliwa maji. Kuhusu filamu ya pili, akisema "basi tutafute cha mtu mwingine," shika begi lako utoke. Kama anataka mwanamke mgonjwa kwenye filamu yake, ampe kitanda, ampe kadi ya kliniki, ampe ndugu, ampe sentensi za kusema, na maandishi yasomwe na mtu aliyewahi kulala kwenye wodi ile. Dada yako ameniambia akialikwa kuyasoma atayasoma, Jumapili tu, siku nyingine ana mashati. Akikataa hayo yote, kuna filamu za mapenzi, zina milango na mvua, nenda kazipigie milango na mvua.

Kinasa sauti chako kikae kimezimwa nyumbani mpaka uombe ruhusa, kila mara, hata kama unanasa birika. Lile faili mkabidhi mwenyewe. Akilifuta, usiulize kwa nini.

Radhi unayomwomba dada yako, ambayo uliniambia kwenye simu umeirudia mara tisa, usiendelee kuidai jibu. Hiyo ni njia ya kumfanya mgonjwa amuuguze mzima.

Na kuanzia leo, mkiwa sokoni, mkiwa kliniki, mkiwa jikoni, dada akikushika mkono akakuuliza "umesikia?", majibu ni mawili. Kama umesikia, sema ndiyo. Kama hujasikia, sema hapana, na usikilize tena pamoja naye kabla ya kuondoka hapo mliposimama.